Jini Asiyetaka Sijda

Miye nimeendesha baiskeli tangu sijavunja ungo, na sijawahi kuanguka mbele za watu ila mara moja, na siku hiyo wala sikuwa juu ya baiskeli. Nilikuwa msikitini, safu ya wanawake, kwenye tarawehe ya Ramadhani iliyopita. Tumesujudu, tumeinuka, mara mkeka ukanyanyuka upande mmoja na dari ikanishukia, nikamwangukia Bi Mboni mzima mzima. Bi Mboni kajaaliwa mwili, alhamdulillahi. Angekuwa mwembamba tungevunjika wote wawili.

Wakanipepea kwa mitandio. Huyu anasema njaa, yule anasema presha, mwingine anasema Hasina naye mkaidi, mtu ana miaka sitini na kitu bado anazunguka juani na baiskeli. Nilitaka kumjibu huyo wa mwisho, lakini dari ilikuwa bado inazunguka. Dada yangu Mwatumu hakuja kunipepea. Alikaa pembeni ananitazama, kakunja mdomo, na miye nikajua anamuwaza nani, maana nami nilikuwa namuwaza huyo huyo. Tulikuwa tunamuwaza mama.

Kuanzia hapo nikawa sina raha. Nikikaa, mzima wa afya. Nikitembea, natembea. Lakini nikiinama kusujudu, dunia inazunguka. Nikitazama juu kuanua nguo kambani, dunia inazunguka. Nikijilaza kwa ubavu wa kulia ndiyo balaa lenyewe: chumba kinageuka, kabati linanifuata, nashika godoro kwa mikono miwili huku najua fika kwamba sijatoka kitandani. Ni kitambo kidogo tu, inakwisha, nabaki natoka jasho na kichefuchefu. Nikilala kushoto, nakoroma hadi alfajiri.

Zahanati walinipima malaria, hakuna. Presha iko sawa, pengine kuliko ya huyo aliyenipima. Wakanipa vidonge, nikameza, nikasinzia mchana kutwa, nikaamka, nikasujudu, nikaanguka tena.

"Sasa Hasina," akaniambia Mwatumu siku moja, kaniletea uji wa pilipili manga utadhani nimejifungua, "hebu nambie weye mwenye akili. Mtu hawezi kusujudu. Hawezi kulala ubavu wa kulia, ambao ndio wa sunna. Akilala kushoto, usingizi mnono. Ugonjwa gani huo unaochagua?"

"Dada, mambo haya yalinianza Ramadhani. Si mnasema Ramadhani mashetani hufungwa minyororo?"

"Mashetani, ndiyo. Miye nazungumzia majini. Na usinichezee."

Wala sikuwa namchezea. Nilikuwa naogopa, na mtu nikiogopa mdomo wangu haukai. Lakini lazima niwaelezeni habari za mama, la sivyo mtaniona mtu mzima anayekimbia kivuli chake.

Mama yetu, Mwanasiti, alikuwa akiuza mafuta ya nazi. Aliyapika mwenyewe uani, hapa hapa Makorora, na nyumba nzima ilinukia tui linalokaukia sufuriani; mpaka leo nikipita mahali wanapika mafuta hayo nasimamisha baiskeli bila kupenda. Akishapanga chupa zake kwenye kikapu, anakunja baibui, anachomeka pindo kiunoni, huyoo! Barabara zote za Ngamiani, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, ziliijua kengele yake. Watu wa bara wakija Tanga walishangaa kumwona mwanamke wa baibui juu ya baiskeli. Sisi tukiwashangaa wao kwa kushangaa kwao.

Yeye ndiye aliyenifundisha, kwenye kiwanja cha shule, watoto wakisharudi makwao. Alinishikia siti kwa nyuma huku anakimbia na kanga inamvuka. "Usitazame tairi, Hasina! Tairi halikimbii! Tazama unakokwenda!" Nami nalitazama tairi, naingia kwenye michongoma. Mama alicheka mpaka akaketi mchangani. Nikishatolewa miiba tunaanza upya, na siku nilipoweza, alinipeleka mpaka Raskazone kuona bahari, miye mbele kwenye bomba, yeye anapiga pedali, mikono yake huku na huku yangu inanukia nazi. Njia nzima alinisomea mabango ya maduka na kunitajia nani anakaa nyumba ipi na nani kamkopa mafuta hajarudi. Wallahi ningeambiwa nichague siku moja niirudie, ningeichagua hiyo hata kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Halafu yakampata haya haya yaliyonipata miye. Akisujudu, anaanguka. Akilala kulia, anapiga kelele. Akaletwa fundi wa kupunga majini kutoka Moa, mzee mpole, wala simsemi vibaya, alifanya alichokijua. Ngoma ikapigwa uani mchana, ubani umetanda. Mama kafunikwa shuka jeupe. Mwatumu alikuwa mwari aliyetoka kuolewa jana na juzi, na yeye ndiye aliyepewa kumshika kichwa. Ngoma ilipopamba moto wakamyumbisha, kisha fundi akasema mlazeni. Wakamlaza chali, kichwa kwenye mapaja ya Mwatumu, kimegeukia kulia, shuka likaondoka usoni.

Miye nilikuwa msichana wa darasa la sita, nimejipenyeza katikati ya watu wazima, nikayaona macho ya mama. Yalikuwa yanacheza. Yanateleza upande mmoja, yanaruka kurudi, yanateleza, yanaruka, mbio mbio, tena yanajizungusha kwa ndani utadhani yanataka kung'oka. Na mama analia, "Nishikeni, naanguka!" na wamemshika watu wanne. Wanawake wakapiga vigelegele. "Kapanda! Kapanda!"

Fundi akaeleza anachotaka huyo jini. Hataki paji la uso la mama liguse chini. Hataki alale ubavu wa kulia. Hataki baiskeli. Basi baiskeli ikapelekwa Pangani kwa mjomba, na ikaliwa na kutu huko huko. Mwatumu akamtafutia mama kiti, kiti kifupi cha mbao kilichosukwa kamba, awe anasalia hapo. Usiku akalala ameketi, mito mgongoni. Kizunguzungu kikapungua, si hainami tena? Watu wakamsifu fundi.

Lakini mama hakucheka tena, ile ya kuketi mchangani. Siku moja, tayari nimeshamzaa binti yangu Samiha, nilimkuta baada ya Alasiri yuko kwenye kiti chake, anajipapasa paji la uso. Mnalijua paji la mtu wa kusali, hufanya alama. La mama lilikuwa limerudi laini kama la mtoto. Akaniambia, "Hasina, Mungu akilikataa paji la mtu, mtu huyo aende wapi?" Nikamwambia maneno ya kumtuliza, hayakumwingia. Akafa nalo swali lake.

Basi hicho ndicho nilichokuwa naogopa. Kizunguzungu ningekizoea. Niliogopa kile kiti.

Na kiti chenyewe kikaja. Mwatumu alikihifadhi miaka yote. Jumatatu moja akaingia nacho chumbani kwangu, kakifuta vumbi, kakaza kamba, akakiweka penye mswala wangu.

"Ijumaa, baada ya Alasiri," akasema. "Yupo mjukuu wa yule fundi wa Moa, kazi kaachiwa na babu yake. Tutafanyia kwangu, uani. Na baiskeli usiiguse tena. Nitamwambia Rahimu aje aichukue."

Rahimu ni mwanawe. Nami nikasema haya. Ndiyo, miye Hasina, ninayejibizana mpaka na muuza barafu, nilisema haya. Nilikuwa nimechoka kulala kwa mashaka, na sehemu ya moyo wangu ilikuwa inaniambia kwamba mama alikuwa na jini, na weye unalo, limerithiwa kama pua.

Aliyekataa ni Samiha. Huyu binti ni fundi cherehani, na ulimi kautoa kwangu. "Mama, Jumatano kuna daktari wa masikio anakuja kliniki, wanasema na kizunguzungu anatibu. Twende kwanza."

"Masikio? Nasikia jirani akimenya kitunguu. Niende kwa daktari wa masikio nikafanye nini?"

"Ukakae kwenye foleni upunge upepo. Ijumaa si itakukuta tu?"

Daktari alikuwa msichana wa Lushoto, jina lake Imakulata, ana kimsalaba kidogo shingoni na lafudhi ya milimani. "Shikamoo mama," akaniambia. Nikamwitikia marahaba, moyoni nasema, Mwatumu angekuwepo hapa angezimia.

Akaniuliza kizunguzungu kinanijia lini. Nikamweleza sijda, nikamweleza kamba ya nguo, nikamweleza kitanda.

"Ukilala ubavu gani?"

"Wa kulia. Ndio tunaolalia sisi kwa sunna."

"Na kushoto?"

"Kushoto sina neno."

Akatabasamu. Nikapandwa na hasira hapo hapo. "Mwanangu, unacheka nini? Hilo ndilo lililowafanya watu waseme nina jini!"

"Samahani mama. Nimefurahi tu, maana hilo ndilo linaloniambia ni sikio gani."

Akanionyesha kalenda ukutani, akasema nisome. Nikiwa nasoma, akanishika kichwa kwa mikono miwili akawa anakitikisa, kulia, kushoto, kulia, kushoto, si kwa nguvu. "Endelea kusoma, mama." Nikasoma mwezi, nikasoma jina la duka la saruji lililochapisha kalenda, nikasoma mpaka namba ya simu.

"Herufi zinacheza?"

"Zicheze kwa nini?"

"Kichwa si nakitikisa?"

Kumbe kweli. Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Samiha akadakia, "Dokta, miye nikikaa kwenye keria ya baiskeli ya mama nikapiga video, inarukaruka yote, huoni kitu. Yeye njia hiyo hiyo anasoma mabango na kumsema aliyekosea kuandika."

"Ehee," akasema Imakulata. "Simu haina sikio. Mama analo. Sikio halisikii tu. Ndani kabisa kuna vijifereji vitatu vidogo mno, vina maji. Umewahi kuzungusha dafu ghafla? Ganda linazunguka, maji ya ndani yanachelewa. Ndivyo ilivyo. Kichwa kikigeuka, maji yale yanachelewa kidogo, na kwa kuchelewa kwake sikio linajua kichwa kimekwenda wapi, kwa kasi gani. Papo hapo linayaambia macho: kichwa kimekwenda kulia, nyinyi rudini kushoto kiasi hicho hicho. Ndiyo maana unachokitazama kinatulia, hata kwenye mashimo."

Nikaisikia sauti ya mama kiwanjani. Tazama unakokwenda. Siku zote nilidhani macho yangu ndiyo hodari, kumbe kuna mwenzao kule ndani anayewashikia, kama alivyonishikia mama siti.

"Sasa," akaendelea, "jirani na vijifereji hivyo kuna vijiwe, kama unga wa chokaa. Kazi yao kukujulisha juu ni wapi na chini ni wapi. Umri ukienda, baadhi hubanduka vikaingia mferejini, mahali si pake. Ukiinama, au ukilala upande huo, vinaporomoka na kuyasukuma maji. Kichwa kimetulia tuli, lakini sikio linaapa kwamba kinazunguka. Na macho, mama, yanaliamini sikio."

"Yanafanyaje?" Sauti yangu ilitoka ndogo hata sikuijua.

"Yanacheza. Samiha, washa simu, mpige video macho yake kwa karibu. Mama, usifumbe hata ukisikia vibaya. Nimekushika."

Akanikalisha kitandani, akanigeuza uso kulia, akanilaza chali haraka, kichwa kinaning'inia kidogo nje ya kitanda. Kitambo kimya. Halafu ikaja. Lo! Ukuta ukaondoka, dirisha likapita, nikamkwida daktari koti lake jeupe na kumwita mama yangu kwa jina. "Fumbua, mama, fumbua, inakwisha," ananiambia. Ikaisha. Akaniketisha, akanipa maji, Samiha akanipa simu.

Kwenye simu mlikuwa na macho tu, ngozi ya makunyanzi pembeni na nyusi zina mvi. Yanateleza upande mmoja, yanaruka kurudi, yanateleza, yanaruka, yanajizungusha kwa ndani.

Yalikuwa macho ya mama.

Nilipiga ukelele mpaka muuguzi akafungua mlango. Samiha anasema mama vipi, mama vipi. Niliuona ule ua, shuka jeupe, vigelegele, watu wanne wamemshika na yeye anasema anaanguka. Alikuwa anasema kweli! Kwake yeye alikuwa anaanguka, na sisi tunashangilia.

Nilipopata pumzi nikamsimulia daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema, "Mama, sikumwona, siwezi kukuapia. Lakini macho kucheza hivi, mtu akilazwa hivi, kisha yakatulia yenyewe, mara nyingi ni vijiwe. Hivi hivi kama vyako."

"Na dawa yake?"

"Hakuna ya kumeza. Ni kukigeuza kichwa kwa utaratibu, mpaka vitoke mferejini virudi kwao."

"Kwa muda gani?"

"Kama muda wa kuchemsha chai."

Hapo nililia. Nililia bila haya, mbele ya mtoto wa watu, kamasi zinanitoka. Mama alikaa kwenye kiti mpaka kufa kwake, alifiwa na kicheko chake, alilala ameketi kama abiria, kwa kitu cha kuchemsha chai! Nilikuwa na uchungu, na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimtupie nani. Kisha nikajua. Nikamkumbuka aliyekuwa kashika kichwa.

Imakulata alingoja nimalize. Akanilaza tena, uso kulia, dunia ikazunguka, ikatulia. Akakigeuza kichwa polepole kushoto, akangoja. Akaniambia nijigeuze mwili mzima kwa ubavu wa kushoto, uso uelekee sakafuni, akangoja tena. Nikamwambia unanigeuza kama chapati. Akacheka, akaniketisha, kidevu chini. Palikuwa na mtikiso wa mwisho, nikayumba, akanidaka.

"Pumzika, kisha tujaribu upande wa kulia."

Nilikataa. Akanibembeleza. Nikapiga bismillahi nikajilaza kulia, nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda, natazama pangaboi darini. Umeme ulikuwa umekatika. Nikangoja pangaboi lianze. Halikuanza. Lilikaa pale pale, na vumbi lake kwenye mapanga, na miye nalitazama tu jinsi lilivyotulia.

"Vinaweza kurudi," daktari akasema tulipoaga. "Vikirudi, njoo. Leo nenda taratibu."

"Na kusujudu?"

"Ukijisikia sawa, sujudu mama."

Msichana wa Lushoto mwenye msalaba shingoni ndiye aliyenirudishia sijda yangu. Nilimwombea dua nyingi mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Kwenye bajaji, kurudi Makorora, niliyapanga maneno ya kumwambia Mwatumu. Yalikuwa makali. Nilikuwa nimepanga pa kuanzia na pa kumalizia.

Tulimkuta kwangu, jikoni, anachambua mchele, maana aliona sipo akaamua kupika. "Mmetoka wapi?"

"Kliniki."

"Ya nini tena, na Ijumaa ndiyo hiyo?"

Sikumjibu. Nilimpa simu, nikabonyeza. Akatafuta miwani yake kifuani, akavaa, akatazama. Ungo ukateleza mapajani, mchele ukamwagika, wala hakuuona.

"Nani," akasema, "nani alimpiga mama video?"

Samiha akanitazama. Miye maneno yangu yote makali niliyoyapanga, sikuyaona yalikokwenda.

"Si mama, dada. Ni miye. Leo asubuhi."

"Muongo weye. Haya ni macho ya mama. Nilikuwa nayo hapa." Akajigusa paja. "Nilikuwa nayatazama hapa."

Nikamketisha vizuri, nikamweleza. Vijifereji, maji, vijiwe. Akasema vijiwe gani bwana, kichwani mtu ana vijiwe? Nikajilaza pale pale kwenye mkeka wa jikoni, kwa ubavu wa kulia, ubavu wa sunna, nikamtazama usoni. "Yatazame macho yangu sasa. Yanacheza?"

Akainama, akatazama kwa muda mrefu. Akaitazama simu tena. Akanitazama.

"Fundi aliniambia mlaze, nikamlaza," akasema. "Aliniambia mgeuze uso, nikamgeuza. Miye ndiye niliyemgeuza, Hasina."

"Ulikuwa mwari wa jana, dada. Ungejua nini?"

"Na kiti nilileta miye. Siku moja alitaka kusujudu, mfungo wa Ramadhani, aliniomba nimshike tu mabega ajaribu. Nikamkatalia. Nikamwambia usimchokoze huyo jini." Alivua miwani. "Alinisikiliza, mama yule. Alinisikiliza miye."

Hilo la mabega sikulijua. Samiha aliokota mchele punje punje, hakuinua uso. Nilimshika dada yangu mkono.

Adhana ya Adhuhuri ikaadhiniwa. Tukatia udhu bombani, mmoja baada ya mwingine, tukaingia chumbani kwangu. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa dirishani, na Mwatumu aliipita bila kuisemesha. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akakivuta kuniwekea, kwa mazoea tu. Kisha akasimama amekishika kwa mikono miwili. Akakitoa nje uani, nikasikia anakilaza chini. Akarudi, akatandika mswala wake kushoto kwa wangu.

Kila mtu alisali ya kwake. Nilisimama, nikarukuu, nikasimama. Nikashuka. Ninaogopa, sitawaficha, naona mkeka unanijia na nangoja unyanyuke upande. Paji la uso likagusa. Ukili wa mkeka ulinikwaruza, na pua ikanusa ukindu. Mkeka ukakaa. Nyumba ikakaa. Nilikaa pale chini kuliko inavyopasa, nikamshukuru Mungu kwa maneno yangu mwenyewe ya hapa Makorora, na kwenye sijda ya mwisho nikamwombea mama. Masheikh msinijie juu, najua swala ya mtu haisaliwi na mwenzake. Nilimwambia Mungu tu kwamba hakuwa amekataa kuinama. Nilimwambia tulimzuia sisi.

Nikaketi, nikamaliza. Nikatoa salamu kulia, na ukuta ukatulia. Nikatoa salamu kushoto, nikamwona Mwatumu bado yuko kwenye sijda yake, mabega yanamtikisika.

Nikamwekea mkono begani, nikamngoja.